Daftari la Vipimo la Fundi Rogath

Ukimpelekea Fundi Rogath suruali, jua mapema kwamba utaipiga pasi mwenyewe. Yeye hashiki pasi ya mkaa, na sababu haifichi: ana kifafa, na mtu anayeweza kuanguka bila kupigiwa hodi hana urafiki na makaa ya moto. "Mimi nashona," huwaambia wateja, "moto ni wa kwenu." Pembeni mwa cherehani yake ya miguu, kwenye baraza ya nyumba yao ya Kilema, ametandika mkeka. Wageni hudhani ni wa kupumzikia.

Kifafa chenyewe Rogath alishakizoea. Waliomshinda ni ndugu zake.

Mara ya kwanza alianguka mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu, kwenye kihamba, shamba la nyumbani la marehemu baba yao, katikati ya migomba. Dada yake mkubwa, Dominika, alimkuta amelowa chapachapa, akatoa hukumu palepale: ni baridi. Akamshusha mjini Moshi, Njoro, kwa kaka yao Aristides, akapate joto. Januari akaanguka huko huko kwenye joto, na Magreth, mke wa Aristides, naye akatoa hukumu yake: ni jua. Akampandisha tena Kilema, mlimani. Tangu hapo, miaka minne mfululizo, kipupwe kikikaribia Dominika anamshusha, na jua la Januari likianza kuuma Magreth anampandisha. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye ufundi wake na ndevu zake, akawa anahamishwa kama viti vya msibani.

Walioisoma namba ni wateja. Kalisti, jirani yao mwenye kirikuu, kigari cha mizigo kinachobeba ile cherehani kila msimu, alikwenda kwenye kipaimara cha binti yake na koti jipya juu na suruali kuukuu chini, kwa kuwa suruali ya suti ilikuwa imesahaulika Njoro. Ni Dominika peke yake ambaye hakupata hasara, maana hajawahi kumpa mdogo wake hata kitambaa cha leso. Magauni yake hununua sokoni Himo, yaliyokwisha kushonwa. Fundi akishakupima, husema, ana siri yako, na Dominika si mtu wa kugawa siri.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Rogath akapata bahati ambayo hakuwahi kuiota. Kwaya ya parokia ilimpa kazi ya sare thelathini na mbili kwa ajili ya jubilei ya mwezi wa saba. Ila mwenyekiti wa kwaya hakumung'unya maneno: kupima na kujaribisha kufanyike huku huku juu, na fundi akishuka mjini, kazi inakwenda kwa Wenseslaus wa Himo. Wenseslaus huyo, kwa taarifa yako, hajawahi kushona mikono miwili ya shati ikalingana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Dominika alikuwa amekwisha kuita kirikuu ya Kalisti. Aristides alipanda kutoka Njoro kuja kusaidia kubeba, na mtori wa ndizi wa kumtia msafiri nguvu ulikuwa mezani. Rogath akamwamkia kaka yake shikamoo kwa adabu zote, lakini hakunyanyuka kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga, na cherehani inayokanyagwa haibebeki.

"Inuka, mdogo wangu," Dominika akasema. "Ukungu umeshafika kwa mzee Vedastus, hapo jirani."

"Siendi, dada."

Dominika akamtazama Aristides. Aristides akautazama mtori.

"Sista Gladness wa kliniki amekwambia baridi haina neno?" Dominika akauliza.

"Hakusema hivyo. Alisema baridi au joto linaweza kumsumbua mmoja, na mwingine lisimfanye kitu. Akasema langu tutalijua kwa kuandika. Kila nikianguka niandike siku, hali ya hewa, nimelala kiasi gani, dawa nimekunywa au la. Na nimeandika."

Akatoa daftari lake la vipimo. Hakuwa na daftari lingine, kwa hiyo maanguko yake yote yalikuwa humo humo, katikati ya viuno vya watu. Akalitafuta la kwanza, akasoma kwa sauti ya karani wa mahakama.

"Januari nane. Kalisti, suruali ya suti, kiuno arobaini na mbili. Nimehama jana. Nimeanguka mchana, jua kali. Nililala kwa saa moja, nilikuwa namalizia nguo za watu. Vidonge vimebaki Njoro."

"Hiyo arobaini na mbili ilikuwa baada ya Krismasi," Kalisti akasema kutoka mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Juni tatu. Kaka Aristides, kiuno arobaini na sita, asiambiwe Magreth. Nimehama juzi. Nimeanguka asubuhi. Mawingu. Vidonge vimebaki kwenye mfuko wa koti la mteja."

Aristides, ambaye alikuwa ameshaanza bakuli la pili, akakiweka kijiko chini. Dominika akajikaza asicheke, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Rogath akamsubiri. Akasoma la tatu, la nne na la tano. Jua, mvua, baridi, yote yalikuwamo. Lakini kila mara alikuwa amehama siku mbili tatu nyuma, hajalala, na dawa iko kwenye nyumba nyingine.

Kicheko kikamwisha Dominika taratibu. Akavuta kiti, akakaa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuangusha?"

"Hapana, dada. Wewe unanipenda. Kinachoniangusha ni kuhama."

Dominika alilichukua daftari, akalipekua mwenyewe, huku kidole chake kikipita juu ya viuno vya nusu ya Kilema bila hata kuvitazama. Akafika mahali akasimama.

"Na hii ya Oktoba? Hukuhama. Umeandika umelala vizuri. Dawa umekunywa."

"Hiyo sijui."

"Sista anasemaje?"

"Naye hajui. Anasema nyingine huja tu."

"Hiyo ndiyo ninayoiogopa mimi," Dominika akasema, na sauti yake ikapungua. "Miaka yote hii naiogopa hiyo hiyo. Nikikushusha, angalau nimefanya kitu."

Hapo Rogath akaacha kukanyaga. Hakuwahi kumsikia dada yake akisema anaogopa kitu chochote, kuanzia nyoka hadi wakwe.

"Na mimi naiogopa," akasema. "Lakini ikija, dada, nataka inikute kwangu, kwenye mkeka wangu, na wewe unayejua kunilaza ubavu. Isinikute njiani nyuma ya kirikuu, nimekumbatia cherehani."

Ukungu ulikuwa umeshavuka kwa Vedastus na kuingia kwenye migomba yao, na Kalisti alikuwa anajifanya anakagua kioo cha gari. Dominika akafunga daftari, akamrudishia mdogo wake. Akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akasimama katikati ya baraza, mikono ameinyanyua kidogo pembeni.

"Nipime," akasema.

"Nini?"

"Nitakwenda jubilei na gauni la Himo wakati kwaya nzima imeshonewa na mdogo wangu? Nipime. Aristides, nenda kanywee mtori wako jikoni. Na wewe, Kalisti, kairudishe gari kwako."

Rogath akachukua futi kamba. Akampima mabega, kifua na kiuno. Alipomaliza akaandika, na Dominika akasimama nyuma ya bega lake kuhakikisha hasemi kwa sauti. Kiuno sikitaji; mimi pia ni mtu wa Kilema na nahitaji mahali pa kuishi. Ila chini ya vipimo hivyo, kwa mwandiko ule ule, aliongeza mstari mmoja ambao dada yake aliusoma mara mbili kabla ya kwenda kupasha mtori moto:

Ukungu, baridi sana. Nimelala vizuri. Dawa nimekunywa. Sijahama.