Banda la Kichwa cha Treni

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na nyumba nyingi za matofali unazoziona zimesimama wima hapa Same nimezisimamisha mimi, kwa pima maji na kamba. Zote zilikuwa za watu. Uzeeni nikajijengea jengo moja la kwangu: banda la kichwa cha treni.

Treni yenyewe ndogo, ya bati, nimeiunda kwa mikono. Reli nilizitandika uwanjani kwa nondo nyembamba, zikauzunguka mwarobaini, na kichwa hakizidi urefu wa mkono wangu. Masika yaliyopita kilinyeshewa kikala kutu. Nikasema basi, hakinyeshewi tena. Nikakijengea banda kwa ile miti mirefu inayochomoza katikati ya mkonge ukizeeka: mikavu, myepesi, inakatika kwa kisu. Bati la paa nililikunja mgongo mmoja mmoja kwa koleo. Milango miwili, bawaba za mpira wa ndala. Juu nikaacha tundu la moshi, ingawa moshi wenyewe haupo. Nani angejua? Ningejua mimi.

Ikaja sendofu ya binti yangu wa mwisho, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Wageni wangejaa uwanjani, kwa hiyo akaitisha msaragambo, majirani waje kufyeka na kufagia. Mimi nikapanda Ugweno kwa dada yangu kuchukua ndizi za sherehe. Niliporudi na bodaboda, mikungu imenibana mgongo, nikakuta uwanja mweupe kama kiganja. Reli zimeng'olewa, zimeegemezwa ukutani. Pale penye banda pana mafiga na sufuria la makande linatokota.

"Shikamoo baba!" binti akanipokea. "Umeona tulivyokusafishia?"

"Marahaba. Banda liko wapi?"

"Banda gani?"

Jirani yangu, mama mmoja mwenye ulimi, akacheka huku anageuza mwiko. "Lile tundu la kuku? Mzee, mkonge mkavu namna ile! Moto umewaka bila hata tone la mafuta ya taa. Kuku wako tutawatafutia pengine."

Sina kuku. Sijawahi kufuga kuku.

Sasa, msaragambo una adabu yake kwetu Wapare. Watu wamekuja bure, na majembe yao; mwenye kazi hamlaumu mtu, hata wakikukatia mgomba. Unawalisha, unasimama, unashukuru. Na mwenye mji ni mimi. Nikasimama mbele ya jivu la banda langu, nikasema, "Asanteni sana, Mungu awaongeze nguvu." Wakapiga makofi. Makande yakapakuliwa. Nikasema nimeshiba.

Kichwa nilikikuta dirishani, wamekitia vijiko.

Binti akaniona navitoa kimoja kimoja. "Baba, usinune bwana. Nitakuletea treni ya betri kutoka Dar, inapiga na honi."

"Ina banda?"

"Hiyo ni ya kuweka kabatini, baba!"

Ameolewa, amekwenda. Ya betri sijaiona, wala sikuiomba. Vuli imeanza, kichwa kiko uvunguni mwa kitanda changu, ndani ya beseni. Jana amepiga simu, ananiambia picha za sherehe zimetoka, kila mtu anasifia uwanja.

"Uwanja ni msafi," nikamjibu. "Hauna kitu."