Chuo cha Abla Inshirah

Chuo chenyewe kilikuwa na jina refu la kujitapa, limebandikwa kwa herufi za shaba juu ya lango. Lakini ukishuka treni ya Sohag pale stesheni ya Ramses, Kairo, na kumuuliza mchukuzi jina hilo, atakutumbulia macho. Muulize chuo cha Abla Inshirah, hapo atanyoosha kidole: vuka barabara, ingia Faggala, pita maduka ya vitabu na yale ya masinki, utauona ukuta.

Wenye chuo walikuwa na maelezo yao kuhusu kwa nini wazazi wa kusini wanawaleta mabinti pale na kuviacha vyuo vya karibu na kwao. Maprofesa walisema ni maabara. Ofisi ya matangazo ilisema ni mabango. Porojo tupu. Baba wa Kisaidi, mtu wa kusini mwa Misri, hajui maabara inafananaje wala hakosi usingizi kwa kutojua. Yeye anataka kujua jambo moja: binti yangu akilala, ufunguo wa lango uko kwa nani? Na binti naye, anayemwapia baba yake kwamba anakipenda chuo kile kwa utulivu wake, anakipenda kwa sababu kiko katikati ya Kairo, metro iko mlangoni, na jioni kuna taa na watu na vioo vya maduka. Baba anapenda ukuta, binti anapenda kilicho nje ya ukuta, na chuo kinajaa.

Inshirah alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na jina la Abla, yaani dada mkubwa, lilimganda kama la kuzaliwa. Alikuja mjini akiwa mjane kijana asiye na mtoto, akapewa chumba kimoja kando ya lango na bonge la ufunguo. Mwaka ule wa mwanzo alifika mzee mmoja wa Tahta, kilemba hadi kwenye nyusi, na binti yake nyuma yake. Alikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chao kusomea Kairo. Mzee alilipa kila kitu, akaaga, kisha akasimama langoni asiondoke. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, mzee yuko pale pale, machozi yamemlengalenga na anayaonea haya. Inshirah akamhurumia. Akamwambia, "Baba, inua mikono tusome Fatiha. Binti yako ni amana shingoni mwangu, na hapa siondoki mpaka aondoke na shahada yake."

Wakasoma, wakapangusa nyuso, mzee akaenda zake stesheni. Kwao kule watu huchumbia kwa Fatiha, huuza ng'ombe kwa Fatiha, hupatana juu ya damu iliyomwagika kwa Fatiha. Mkataba wa serikali huweza kuchanwa, Fatiha haichanwi. Binti yule alirudi kijijini na shahada yake na heshima yake, na midomo ya wanawake kwenye tanuri la mkate ikafanya kazi ambayo hakuna bango lingeiweza. Mwaka uliofuata walikuja kina baba watatu, wote wameinua mikono kabla hata ya salamu. Kisha wakaja kumi. Baadaye walipanga foleni, na mikate iliyoumuka juani na vibuyu vya asali nyeusi ya miwa mikononi.

Hapo ndipo maskini alipojifunga mwenyewe, kwa huruma yake mwenyewe. Kila Septemba alisoma na wapya, na kila Fatiha ilikuwa ya miaka minne. Kundi moja likimaliza, matatu yako nyuma yake. Hakuna siku hata moja ambayo shingo yake ilikuwa tupu. Mama yake alipougua alikwenda akamwona, akarudi kwa treni ya jioni ile ile. Mama alipofariki, alifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Aliishi katikati ya mji mkubwa kuliko yote ya Waarabu, na mji wenyewe aliujua kwa masimulizi ya wasichana waliorudi wakihema dakika chache baada ya magharibi, wakidai kuwa metro ilikwama.

Mkuu wa chuo, Daktari Mamduh, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, basi. Siku ya mapokezi alimwekea Inshirah kiti cha mahameli kando yake, akamwonyesha kwa wazazi kama bibi harusi. Kila alipoomba likizo, Daktari alimchekea. "Abla, vyuo vya jangwani huko vina mabwawa ya kuogelea. Sisi tuna wewe. Ukienda, niwaonyeshe nini watu, sinki?"

Ustadh Lutfi alikuwa na duka la madaftari mkabala na lango. Mjane kama Inshirah, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa miaka mingi walizungumza wakiwa wametenganishwa na upana wa barabara na makelele ya magari. Akimwona amekaa langoni alipaza sauti, "Mfungwa, umekunywa chai?" Naye alijibu, "Mimi ndiye askari, Ustadh. Heshimu kazi ya watu." Wasichana walicheka. Siku moja alivuka barabara, akasimama mbele yake bila mzaha wowote, akamwambia kwamba mama yake amemwachia nyumba Ras el-Bar, pale mto unapoingia baharini, ina mpera uani, na hataki kuzeekea peke yake chini ya mpera.

Inshirah hakulala siku hizo. Alimpenda. Tulisema wazi sisi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hathubutu kulisema. Lakini shingoni alikuwa na bweni zima. Akampa Lutfi jibu la kweli: kuanzia mwaka huo hatasoma Fatiha na baba mwingine. Hawa alionao wakimaliza, atatoka. Kama ana subira, asubiri.

Lutfi akasubiri. Na Inshirah, mwanamke asiyejua kudanganya, akajifunza kuugua. Kila ilipofika siku ya mapokezi alishikwa na homa, akajifungia chumbani kajifunika mablanketi mawili kwenye joto la Septemba, jasho likimtiririka, huku Abla Fikriya, msaidizi wake, akiinua mikono badala yake. Kina baba walinung'unika, lakini walimwona dirishani, wakajiridhisha. Daktari Mamduh alijua na akanyamaza. Ilimradi watu walikuja. Hivyo ndivyo makundi yake yalivyopungua moja moja. Hatimaye, kiangazi kimoja, wa mwisho wao, msichana wa Girga, alimbusu mikono yote miwili akaondoka na shahada. Inshirah alikaa kitandani akajishika shingo. Ilikuwa nyepesi.

Akampigia simu kaka yake Rifai huko Sohag. Mjane anaweza kujiozesha kisheria, lakini Msaidi gani anaolewa bila kaka yake kukaa mbele ya mchumba? Akamwambia amana zake zimekwisha, aje Kairo, kuna jambo la heri, na mwenye jambo ni Ustadh Lutfi, mtu mwema. Rifai akasema heri, atakuja, tena atakuja siku ya mapokezi kwa kuwa ana shughuli nyingine mjini. Lutfi aliuza madaftari yote, akafagia duka, akakodi viti, akaandaa sharubati nyekundu.

Mwaka ule hakuugua. Aliona hana haja tena. Alivaa gauni la kijani akaingia ukumbini kuwaaga wenzake na kumsubiri kaka yake. Kina baba walijaa na vilemba vyao, Daktari Mamduh akamwita kwa mkono, na yeye akakaa kwenye kile kiti, dakika moja tu, kwa ajili ya kuaga.

Ndipo foleni ilipofunguka na Rifai akatokea mbele yake, kanzu mpya, fimbo mkononi, na nyuma yake binti yake Nashwa na sanduku.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Inshirah kwamba msichana anakuja. Rifai alimbusu dada yake kichwani, akawageukia watu na kusema kwa sauti ya msikitini kwamba wengine wameleta mabinti kwa mtu baki, yeye analeta damu kwa damu. Kisha akainua mikono. Kina baba wote wakainua. Daktari Mamduh akainua yake na kuinamisha macho, mchamungu kuliko wote.

Inshirah alibaki na mikono mapajani. Alijua kinachokuja iwapo ataendelea kuiacha pale: kabla treni ya jioni haijafika Sohag, watu watakuwa wanaulizana kuna nini kwa binti wa Rifai, hata shangazi yake mwenyewe, Abla Inshirah anayepokea watoto wa watu, amekataa kumsomea. Aibu ile isingemgusa Rifai wala yeye. Ingemgusa mtoto yule aliyesimama ameshika mpini wa sanduku, uso umempauka. Akainua mikono. Aliisoma sura yote mpaka "amina", na sauti haikumtetemeka.

Baadaye alimvuta kaka yake pembeni, chini ya ngazi, akamuuliza kama alijua.

"Nilijua nini?" Rifai alisema. "Kwamba kuna mwanamume? Umeniambia mwenyewe."

"Ulijua kuwa nimemaliza. Ulijua nilikuwa natoka leo."

"Inshirah, dada yangu. Mwanamume anayekutaka atasubiri. Msichana hasubiri. Ningemwacha na nani hapa, na Fikriya?"

"Na mimi je, kaka?"

Rifai alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa habari za ukuta. Akamwambia kwamba yeye ndiye fahari ya nyumba yao, kwamba Sohag nzima inamtaja, na kwamba si kila mtu hujaliwa jambo kama hilo. Alisema kwa mapenzi. Hapo ndipo palipouma zaidi, maana hakupata hata mtu wa kumkasirikia.

Alivuka barabara mwenyewe kumwambia Lutfi. Hakutaka asikie kwa mwingine. Lutfi alikuwa amekaa katikati ya viti vya kukodi, koti la suti limembana. Inshirah alipomaliza, Lutfi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Fatiha haivunjwi," alisema. "Tena ungeivunja, usingekuwa yule niliyemtaka."

"Miaka minne, Lutfi."

"Moyo wangu nimeupeleka kwa tabibu, Inshirah. Miaka minne hakuniahidi."

Akammiminia sharubati. Wakainywa, maana ilikuwa imeshatengenezwa. Wiki ile duka likafungwa, mwenyewe akaenda zake Ras el-Bar, na baadaye kidogo wakaingia watu wa masinki.

Nashwa alikuwa msichana mwema, na hilo pia lilikuwa zito. Alimletea shangazi yake chai asubuhi, alimkanda miguu, alizungumza bila kituo. Katika mazungumzo hayo ndipo alipoleta, bila kujua analeta nini, habari ya nyumbani: baba yake alikuwa ameshakubali chuo cha Asyut, pua na mdomo na kwao, na hata chumba kwa binamu kilikuwa tayari. Yeye ndiye aliyelia siku tatu, akasema haendi popote ila kwa shangazi.

"Kwa nini kwangu, mwanangu?" Inshirah aliuliza. "Ulikuwa hunijui vizuri."

Nashwa akaona haya, akachezea kona ya ushungi. "Shangazi, usinichukie. Asyut nimeizoea. Nilitaka kuiona Kairo. Na kwa jina lako tu ndiyo wanaturuhusu. Wote tunafanya hivyo, hata wale wa Girga. Tunasema Abla Inshirah, baba anasema haya."

Inshirah hakumchukia. Alijaribu, akashindwa. Alibaki ametazama glasi ya chai mpaka ikapoa, akiwahesabu kina baba wote waliomwachia mabinti, na mabinti wote waliomtumia kama tikiti ya treni, na akaona hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya.

Ijumaa, baada ya sala, Nashwa alishuka langoni amevaa vizuri, mkoba begani, na wenzake wawili nje wakijifanya hawamsubiri. Akasema anakwenda maktaba.

"Leo Ijumaa," alisema Inshirah. "Maktaba imefungwa."

Msichana akatazama chini. Miaka yote iliyopita, hapo ndipo Abla alipowarudisha juu bila kelele, na ndiyo maana kina baba walilala usingizi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Sema kweli. Mnakwenda wapi?"

"Mtoni, shangazi. Kutembea tu darajani. Na kula koshari. Wallahi hakuna kingine."

Inshirah alimtazama: viatu vipya, wanja uliopakwa kwa haraka, miaka kumi na minane ikimwasha mwili mzima. Akatia ufunguo, akazungusha, lango likafunguka kwa mlio wake.

"Nenda," akasema. "Angalau mmoja wetu aende."

Nashwa hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alimbusu shavuni akakimbia. Inshirah alilifunga lango, akavuta kiti chake, akakaa, maana jioni lazima awepo mtu wa kumfungulia.