Punda Aliyepakwa Rangi

Kabla kamera haijaanza, mzee mchekeshaji huvua meno yake ya bandia, huyafunga kwenye leso na kumkabidhi Verna, mshonaji wa mavazi ya filamu za kauboi. "Nishikie, binti, yasije yakamng'ata mtu." Husema hivyo kila filamu, na Verna hucheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kisha mzee hupandisha suruali hadi kifuani na kumwita punda wake kwa sauti ya kibogoyo, sauti pekee ambayo punda huyo aliwahi kuitii: "Mabel! Njoo, bibie!" Mabel alikuwa akija mbio kumpokonya kofia. Marekani nzima iliichekea kofia ile. Kipande cha karoti kilichofichwa kwenye utepe wake alikijua Verna tu.

Juzi Mabel alikufa, filamu ikiwa nusu. Wakaleta punda mwingine, wakampaka rangi nyeupe puani ili afanane naye. Leo mzee alivua meno, akamkabidhi Verna leso bila ule utani wake. "Mabel! Njoo, bibie!" Punda akamtazama, akamgeuzia mkia. Mzee akaita tena, kofia kainyoosha. Waigizaji wa majambazi wakaangua kicheko, na yule wa sherifu akashika mbavu. "Kata!" mwongozaji akapaza sauti. "Umetuua kwa kicheko, babu! Picha hiyo hiyo inabaki!" Kamera zikazimwa, watu wakaenda kula maharage yao. Mzee alibaki katikati ya barabara ya vumbi, bado anaita. Verna akasimama pembeni na leso ya meno, hakumrudishia mpaka alipomaliza kuita.