Jalada la Mlinzi wa Cheyo

Apolinaria Kabula, mkaguzi wa serikali mjini Tabora, alizoea kukagua maghala. Mwaka ule wakaguzi waliruhusiwa kusoma pia kumbukumbu za jinai za polisi, ili ijulikane kama kuna mfanyakazi wa makao ya watoto aliyewahi kufungwa. Akatumwa kwenye makao ya yatima pale Cheyo.

Wafanyakazi wote walikuwa safi isipokuwa mlinzi, mzee Valentino Lugembe. Zamani, kule Kigwa, alimpiga mwanawe mdogo hadi akafa. Alifungwa, akamaliza kifungo, akatoka.

Mchana Apolinaria alimfuata kwenye ua wa nyuma, unaotazama njia waliyopita wapagazi wa zamani. Hakumpa shikamoo. Mzee alikuwa ameketi mbele ya ugali na mlenda, hajanawa bado. Lakini ugali ulikuwa umeshamegwa, matonge madogo madogo.

"Unakula na nani, mzee?"

"Si umesoma, mwanangu? Basi unamjua." Hakuinua macho. "Waliandika nilivyomuua. Hawakuandika kwamba siku natoka gerezani nilimkuta nje, ananingoja."

Apolinaria aliyatazama yale matonge. Ni majuto tu, alijiambia. Hata hivyo sheria ilikuwa wazi: mtu yule asingeweza kuendelea kuishi na watoto.

Mzee hakubisha. Alifunga virago vyake siku ile ile. Getini alisimama, akatazama nyuma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimemwita twende. Hataki. Amepata wenzake."

Haikupita wiki, mlezi mkuu, Eustadia, akapiga simu. "Dada, njoo uwaone watoto."

Aliwakuta wakicheza wameshikana mikono kwenye duara. Mahali pamoja palikuwa na pengo, na watoto wawili wa pande zake walinyoosha mikono kana kwamba imeshikwa.

"Nani yuko hapo?" Apolinaria aliuliza.

"Anton," wakajibu pamoja.

Ndilo jina la mwana wa mzee lililokuwa kwenye jalada. Hakuwa amemwonyesha mtu jalada lile, hata Eustadia.

Apolinaria aliomba arudishwe kwenye ukaguzi wa maghala, akakubaliwa. Bado huwapelekea wale watoto karanga kila sikukuu. Wakimwita aingie kwenye duara, huingia. Ila huwaomba wamweke mbali na lile pengo.