Shemeji Kaapdeti Programu, Ndege Yangu Ikawa Yake

Admin, nifichie jina, maana Sumbawanga tunajuana hadi rangi za mapazia. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, nipo Chanji, nina kasteshenari ka kutoa kopi na kupiga pasipoti. Sijaoa. Baba alishafariki, kwa hiyo nyumbani mkubwa ni mimi.

Kuna kitu nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video: kutengeneza ndege za gemu la kompyuta, lile la kurusha ndege. Unaichora kwenye programu, bati kwa bati, viti, usukani, mpaka mtu huko aliko aipakue na airushe. Nilikuwa naichora ile ndege ndogo iliyokuwa inatua kwenye kiwanja cha nyasi kwetu Mwimbi nikiwa mdogo. Baba ndiye alikuwa anafukuza ng'ombe ili itue. Siku moja imeegeshwa, dume la jirani yetu Msukuma likajiona kwenye mlango unaong'aa, likadhani ni mwenzake, likaupiga pembe. Mlango ukabonyea. Rubani alicheka, baba hakucheka, na ndege ikaendelea kuja na bonde lake mlangoni. Nami nikalichora hilo bonde. Lilinitesa kuliko injini.

Sasa mdogo wangu wa kike ana mchumba. Kijana wa mjini, anajua kuongea, viatu vyake havishiki vumbi hata kiangazi. Akaja dukani, akachungulia kompyuta yangu.

"Shem, bado uko na toleo hili? Si la makumbusho hili? Nipe faili, nina laptop mpya, nikuapdetie."

Nikampa flashi, kazi yote ilikuwa humo. Ni shemeji, ningemnyima vipi?

Akalifungua kwenye programu mpya, akalihifadhi humo humo kwenye flashi, juu ya lile langu. Faili likishahifadhiwa na programu mpya, ya zamani hailifungui tena. Na programu mpya kompyuta yangu haiiwezi, inazimia kama mtu aliyepigwa na jua. Kwenye kompyuta nimebaki na kopi ya mwanzoni, haijapakwa hata rangi. Nikamwambia, "Shem, nije kwako tumalizie pamoja." Akasema, "Usijali shem, mambo madogo hayo."

Haikupita wiki, nikaikuta ndege mtandaoni, jina lake juu, pembeni kaandika "Mbunifu". Watu wanampongeza. Mmoja akauliza, kaka, mbona mlango umebonyea? Shemeji akajibu: "Hiyo ni teknolojia, inapunguza upinzani wa upepo."

Jamani. Nilisikia kinyaa kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji wa ulezi na nusu kikombe kashameza. Dume la watu limegeuzwa teknolojia! Tangu hapo nikimwona anamega ugali kwetu, nanawa mikono naondoka.

Nikamweleza mdogo wangu. Akanitazama akasema, "Kaka, ndege yenyewe hata haipandwi. Utanivunjia uchumba kwa ajili ya picha?" Mama naye: "Mwache, baba. Akishamuoa si itakuwa imebaki kwenye ukoo?"

Jumamosi hii wazee wao wanakuja kujitambulisha, na mimi ndiye nitakayeulizwa mbele za watu kama tuna neno na kijana. Jana shemeji kanipigia, sauti ya asali, eti atakuja na laptop awaonyeshe wazee "ndege yake". Akaniomba niandae ekstensheni ya umeme.

Ndugu zangu, baba zangu wadogo watakaokaa upande wetu wote ni wa Mwimbi. Wote walikuwepo. Mmoja wao ndiye aliyelivuta lile dume mkia. Hata soda hazitakuwa zimefunguliwa, mtu atauliza habari ya bonde la mlangoni, na huyu atawajibu mambo ya upepo. Mdogo wangu atakuwa amekaa hapo hapo, kajifunga kitenge kipya, anamtazama.

Nikimtonya mapema, ataponyoka na ndege yangu atakuwa nayo. Nikinyamaza, aibu itamwangukia mdogo wangu kabla haijamfikia yeye.

Ekstensheni ninayo. Nishaurini, niichomeke?