Maganda Aliyookota Faan

Katika mashamba ya kondoo ya upande wa Fraserburg, Hettie Lategan alijulikana kwa risasi zake. Mjane huyu wa miaka sitini na mmoja alizijaza mwenyewe mezani jikoni: ganda lililokwisha kufyatuliwa, fataki mpya ya kuwashia, baruti iliyopimwa, kisha kichwa cha risasi. Kaka yake Faan alizoea kumtania kwamba hata chumvi ya mchuzi huipima kwa mizani.

Jumamosi moja Faan alitoka alfajiri na boksi la risasi arobaini alizojaziwa jana yake, akaenda kuwinda swala wa harusi ya binti yake. Hettie alibakiwa na maganda kumi na mawili ya fungu lile lile, akaona ayapime ujazo. Alipima ganda tupu, fataki yake kuukuu ikiwa bado imeziba tundu, akalijaza maji kwa bomba la sindano hadi mdomoni, akalipima tena. Manane yalikubaliana. La tisa lilipokea maji kidogo kuliko mengine. Akadhani kuna kiputo cha hewa, akaligongagonga, akarudia. Hesabu haikubadilika. Alipoligeuza, kitakoni aliona chapa ya jeshi.

Na risasi za Faan zilitoka fungu hilo hilo. Ganda lile la jeshi lilikuwa na kuta nene, na nafasi yake ya ndani ndogo. Ukitia humo baruti ya kipimo cha kawaida, shinikizo hupanda, na bunduki yaweza kumpasukia mtu usoni.

Simu haikushika kule. Hettie aliwasha pikapu, akapita malango matatu bila kufunga hata moja, kosa ambalo angemfokea mwingine wiki nzima. Alimkuta Faan kalala kifudifudi mwambani, bunduki begani. Akabana honi asiiachie. Swala wakatimka wote.

"Una wazimu, Hettie? Nimelala hapa tangu alfajiri."

"Umepiga ngapi?"

"Ngapi wapi! Ndiyo kwanza walikuwa wanasogea."

"Itoe iliyomo. Polepole, kaka."

Faan akavuta komeo la bunduki, risasi ikaangukia changarawe. Hettie aliiokota, akamwonyesha kitako chake. Ilikuwa ya jeshi. Faan akaichukua, akaigeuza vidoleni.

"Haya niliyaokota uwanja wa shabaha," akasema. "Niliyaona safi, nikayachanganya tu na yangu."

"Nami nikayajaza bila kutazama. Tuko ngoma droo."

Hettie akaketi chini, akacheka huku machozi yakimtoka. Faan alimmiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa.

"Sasa nyama ya harusi?" Faan akauliza.

"Watakula kondoo. Baba wa bibi harusi awe na uso kwanza."

Mchana ule walizifumua risasi zote arobaini, moja moja. Kumi na moja zilikuwa za jeshi.