Buibui wa Ukingoni Asiye na Ukoo

Mjukuu wangu wa kike anasomea buibui. Nasema hivyo hata kanisani bila haya. Hapa kwetu Bomet wenzangu wanajisifu kwa walimu na manesi, na wangu anapanga koo za buibui wale wakubwa wenye manyoya, wanaokaa kwa mashimo. Anaangalia mwili tu, kisha anakuambia huyu na yule ni ndugu, na wale wengine walitengana nao zamani, kabla ya sisi watu kuwako.

Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini jambo hilo nililielewa upesi. Siku alipochimba jike mmoja kwenye ukingo wa udongo ulio chini ya shamba letu la majani chai, nilimwambia rangi yake ni ile ile ya wale alionionyesha kwa simu, wa upande wa Narok.

"Kogo, rangi tunaiacha," akasema; Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu. "Wale ng'ombe wako wawili weusi ni ndugu?"

"Mmoja nilinunua Litein. Mwingine alizaliwa hapa."

"Basi umeona."

Akambana yule jike polepole kwa sponji ndani ya chombo cha plastiki, akanipa kioo cha kukuza. Miguu ya nyuma ilikuwa minene kama imevishwa soksi za sufu. Kati ya meno kulikuwa na nywele ngumu anazosugua akikasirika, zinazotoa sauti kama maziwa yanayochemka na kumwagikia moto. Nikasema hizo soksi zinatosha kumtambulisha. Akakataa. Alisema soksi zinaweza kuota kwa koo mbili zisizojuana, kwa sababu tu zinaishi maisha ya aina moja. Anayesema ukweli zaidi ni dume. Dume ana vidole viwili mbele ya mdomo, na nchani mwa kila kimoja kuna kitu kama tone lenye mkia, ndicho anachobebea mbegu. Kila ukoo una mkia wake.

"Nikipata dume mzima, nitajua huyu ni wa nani," akasema. "Huenda ni wa ukoo ambao haujaandikwa popote."

Akarudi chuoni, akatuachia mimi na babu yake jike kwa sanduku lenye udongo, tumlishe panzi. Alituambia dume hutoka shimoni mvua ikianza, anatafuta mke, na baada ya hapo haishi sana.

Mvua ikaanza. Jioni moja mzee wangu akikamua, dume akaingia zizini, mwembamba, miguu mirefu, anatembea kama mtu aliyepotea njia. Mzee akamfunika na bakuli. Tulimpigia mjukuu, akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni.

"Nakuja Jumamosi. Msimguse."

Sasa, mzee wangu amefuga ng'ombe tangu utoto. Kwake yeye, dume na jike kukaa boma moja bila kukutanishwa ni hasara, na huyu dume alikuwa wa kufa karibuni. Akaona mtoto akija na kumkuta jike ana mimba, atapata madume mpaka achoke. Hakuniuliza. Ijumaa nikiwa nimepeleka majani chai kituoni, akammimina kwa sanduku la jike.

Niliporudi nilimkuta amekalia ndoo, ameshika kofia.

"Alianza vizuri," akasema. "Aligonga-gonga chini kama anabisha hodi. Wakashikana."

"Halafu?"

"Amemla."

Nilichungulia. Jike alikuwa anazungusha kidonge cheusi mdomoni, hana habari na mtu.

Mjukuu alipofika alikiloweka kile kidonge, akakifungua kwa kibano, kipande kwa kipande, siku nzima. Alipata ndoano za miguu ya mbele, ambazo ni za dume aliyekomaa. Yale matone yenye mkia yalikuwa yamesagwa kama ugoro. Hakumgombeza babu yake. Afadhali angemgombeza.

"Na huyu hakuna wa kumletea mbegu kwa chupa, kama ng'ombe?" mzee akauliza.

"Hakuna, babu. Labda walimaliza kabla hajaliwa. Tungoje mayai."

Tukangoja. Jike akaacha kula, na mzee akafurahi, akasema hata ng'ombe hukataa nyasi siku zake zikikaribia. Kisha asubuhi moja tukamkuta kando ya ngozi yake tupu, amekuwa mpya. Mzee akapiga simu mwenyewe. Nilimwona akisikiliza, mabega yanashuka. Kumbe jike akibadilisha ngozi, hata kile kifuko cha ndani kinachohifadhi mbegu kinavuliwa nayo, na mbegu zinaenda.

Ngozi tuliituma chuoni. Kifuko kile kilipoangaliwa kwa darubini, umbo lake halikuwa la wale wa Narok. Kwa hivyo si wao. Ni wa nani, mjukuu wangu anasema hawezi kuandika bila dume.

Dume huchukua miaka kukomaa, na mzee wangu si kijana. Mvua imerudi tena. Siku hizi akikamua anaangalia sakafu kuliko ndoo, na ng'ombe wameshamwaga maziwa kwa sababu hiyo. Simsemi.

"Akija mwingine na wewe ukamwona kwanza," ananiambia, "usinionyeshe. Mpigie mtoto."

Namwambia sawa. Hajaja.